Jahazi la tanga au boti ya mashine: kipi kinafaa kwa safari ya visiwa vya Lamu?

Kila likizo ya shule inapokaribia, jamaa zetu wa Mombasa na Nairobi hupiga simu, na swali lao huwa lile lile: tukija Lamu tukitaka kuzunguka visiwani, tukodi jahazi au tuchukue boti ya mashine? Kwa miaka mingi nilijibu kwa mazoea ya mtu aliyezaliwa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, yaani nilisifu jahazi bila kufikiri sana, mpaka ilipofika zamu yangu ya kutoa pesa mfukoni. Disemba 2023 nilikodi jahazi kwa siku tatu kwa ajili ya watu wanane wa familia yangu, wakubwa sita na watoto wawili. Agosti 2024 niliwachukua watu wale wale, kwa njia karibu ile ile, katika boti ya faiba yenye mashine moja ya nguvu za farasi arobaini. Sasa nina haki ya kulinganisha, kwa kuwa vyombo vyote viwili vimenilisha raha na vyote viwili vimenikera.

Njia yenyewe ni hii. Unatoka gati ya Lamu na kupita Mkanda, ule mfereji mwembamba wa mikoko unaotenga kisiwa cha Manda na bara, kisha unatokea kwenye ghuba ya Manda, ambako siku hizi utaziona winchi za bandari mpya ya Kililana zikiwa zimesimama upande wa bara. Unakwenda Manda Toto, kisiwa kidogo chenye matumbawe ambapo watu huogelea na kutazama samaki, kisha unavuka hadi Shanga, upande wa kusini wa kisiwa cha Pate, na kutoka hapo unatembea kwa miguu kiasi cha saa moja hadi Siyu penye ngome. Ukirudi, unamalizia na Takwa, mji wa magofu ulio ndani ya Manda, ambao hufikiwa kwa kuingia katika mkono wa bahari uliojaa mikoko. Wapo wanaoendelea mbele hadi Kiwayu, ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga iliyotangazwa mwaka 1979. Huko nitakugusia kidogo tu, kwani si mahali pa kupeleka familia bila kwanza kuuliza hali ya usalama ya wiki ile.

Nianze na pesa, kwa kuwa ndizo zinazoulizwa kwanza. Jahazi tulilipatana kwa shilingi 60,000 kwa siku tatu na usiku mbili, ndani yake mkiwa na nahodha, mabaharia wawili ambao mmoja wao ndiye mpishi, chakula chote, maji ya kunywa na magodoro ya kulalia. Tuliongeza bakshishi ya shilingi 4,000, ikawa shilingi 8,000 kwa kila mtu, sawa na takriban shilingi 2,700 kwa siku. Boti tulilipatana kwa shilingi 28,000 kwa siku pamoja na mafuta, tukaikodi siku mbili, kwa hiyo shilingi 56,000. Juu ya hapo tulinunua chakula cha shilingi 9,500, na kwa kuwa boti hailaliki, wageni wetu walilipia vyumba vitatu mjini kwa usiku ule wa katikati, jumla shilingi 10,500. Safari ya siku mbili ikafika shilingi 76,000, yaani shilingi 9,500 kwa kila mtu, au shilingi 4,750 kwa siku. Ada za kuingia magofuni sikuzihesabu, kwa sababu ni zile zile kwa mwenye jahazi na mwenye boti.

Mtu akiishia hapo atasema jahazi ni rahisi karibu kwa nusu, na atakuwa amesema kweli. Hata hivyo bei hizo ni za mapatano yetu, si za ubao ukutani, na zinategemea sana idadi ya watu. Jahazi lile lile kwa watu wanne lingetugharimu karibu pesa zile zile, kwa sababu nahodha na mabaharia hawapungui, ilhali boti kwa watu wanne ingepatikana ndogo zaidi na yenye mashine ndogo. Kwa hiyo wenye familia kubwa wana sababu zaidi ya kutazama upande wa tanga, na mume na mke peke yao wasije wakadhani kwamba nafuu hiyo ni yao pia.

Jambo ambalo hesabu haikuonyesha, na ambalo ndilo nililojifunza kwa gharama, ni kwamba katika visiwa vyetu si chombo kinachopanga saa za safari bali maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa takriban dakika hamsini. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi au saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na kupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano. Tofauti kati ya kujaa na kupwa siku hizo hupita mita tatu. Wakati wa maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa mnamo saa nne asubuhi, lakini hayajai sana wala hayapwi sana.

Sasa tazama yaliyotupata Agosti. Mwenye boti alituambia tuje siku yoyote, kwani mashine, alisema, haina mwezi. Tukaja siku ya bamvua. Tuliondoka saa mbili asubuhi, tukapita Mkanda maji yakitoka, mashine ikiwa imeinuliwa nusu na kijana akisukuma kwa pondo, ule mti mrefu, mahali pembamba, na saa tatu na robo tukawa tumefika mbele ya Shanga. Saa moja na robo tu! Lakini bahari ilikuwa imekwisha kurudi nyuma, na kati yetu na ufuo palikuwa na tope jeusi la upana wa kama nusu kilomita, lenye nyasi za bahari na kaa. Tukashuka, viatu mkononi, na mama yangu akabaki botini chini ya jua kwa sababu magoti yake hayakubali tope. Tulipomaliza magofu tukarudi kuikuta boti imepwelewa, imelala ubavu kama samaki sokoni, na tukasubiri hadi karibu saa nane mchana ielee tena. Siku ya pili ilikuwa Takwa, ambayo iko karibu sana na mji, mwendo wa dakika chache kwa mashine. Lakini ule mkono wa bahari unaoingia Takwa hauna maji mpaka bahari ijae, na siku ile ilijaa jioni. Tukakaa kijiji cha Shela tangu asubuhi tukingoja, tukaingia saa tisa na nusu, tukapata saa moja ya kutazama, na nahodha akaanza kutuita kabla maji hayajageuka. Kwa siku mbili tulizolipia mwendo wa kasi, mwendo wenyewe haukufika saa nne.

Jahazi lilifanya kinyume chake. Nahodha wake, mzee wa kijiji cha Matondoni, alikataa tarehe niliyomtajia na kunipa nyingine, siku ya nane ya mwezi mwandamo. «Yeo ukiniuliza kesho, nakwambia ngoja,» alisema, «mayi mafu yaja.» Siku hiyo tuliondoka saa tatu asubuhi, maji yakijaa, na tukapita Mkanda bila taabu isipokuwa mara moja mkuku, ule mti wa chini kabisa wa chombo, uliposugua mchanga na chombo kikatetemeka kidogo. Maana maji mafu yana kasoro yake: yanajaa kwa saa nzuri lakini kwa kina kidogo, na jahazi huzama chini zaidi kuliko boti ya faiba. Nahodha mwenye jahazi kubwa lililosheheni huenda akapendelea siku mbili tatu baada ya bamvua, apite Mkanda alfajiri maji yakiwa tele. Vyovyote iwavyo, mwenye jahazi hulazimika kujua maji, na kwa hiyo humpangia abiria wake safari inayokubaliana na maji. Mwenye mashine hudhani halazimiki, na abiria ndiye anayelipa dhana hiyo.

Isidhaniwe kuwa nimekwisha kuhukumu. Jahazi nalo lina bwana wake, na bwana huyo ni upepo. Kuanzia Disemba hadi Machi huvuma kaskazi, ambayo hutoka kaskazini-mashariki, na Pate iko kaskazini-mashariki ya Lamu. Kwa maneno mengine, mtu wa Disemba anakwenda akiukabili upepo na anarudi ukimsukuma. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Kutoka Manda Toto hadi Shanga tulipiga bisho saa nyingi, tukienda upande huu kisha upande ule, ufuo wa Pate ukiwa pale pale mbele yetu kama picha iliyotundikwa. Ilipofika saa nane nahodha aliuliza kama tungependa awashe mashine ndogo aliyonayo tezini, yaani nyuma ya chombo. Wengi wetu tulikubali kwa haya. Hapo tulikuwa tumelipia tanga na tunasafiri kwa mashine, tena mashine dhaifu iliyokuwa ikikohoa moshi juu ya chakula. Boti ile ya Agosti ingekuwa imefika, imerudi na kuoshwa.

Kuanzia Mei hadi Septemba huvuma kusi, na mambo hugeuka: kwenda ni kwepesi, kurudi ni bisho, na bahari ya nje huchafuka kiasi kwamba hata matumbawe ya Manda Toto hayaonekani vizuri kwa uchafu wa maji. Kusi hiyo ndiyo iliyoiadhibu boti yetu wakati wa kurudi. Tulipotoka kwenye kinga ya Pate na kuikata ghuba, boti ilianza kurukaruka juu ya mawimbi mafupi, ikipiga maji kwa kishindo ambacho mama alikihisi kwenye uti wa mgongo, na kila pigo lilitumwagia ndoo nzima ya maji ya chumvi. Simu ya mke wangu haikupona. Mama, ambaye hapendi kulalamika, alishika ukingo wa boti na kusema, «Mwanangu, mwambie bwana huyu mimi si mzigo wa boriti.» Jahazi katika upepo ule ule huyumba pia, lakini huyumba polepole kwa uzito wake, na tumbo la mtu hupata muda wa kulizoea. Waliotapika kwenye jahazi walikuwa wawili, na siku ya kwanza tu. Kwenye boti hakutapika mtu, ila wote tulishuka tukiwa tumeumia mahali fulani.

Miezi ya upepo mpole ni Machi mwishoni na ile ya Oktoba na Novemba, wakati pepo mbili zinapobadilishana. Aprili na Mei ni mvua kubwa, na mtu asinikodie chombo chochote.

Raha ya safari yenyewe

Hapa ndipo vyombo hivi viwili vinapoachana kabisa. Katika boti mtu hukaa. Kuna mbao tatu za kukalia, mbele na katikati na nyuma, na unapokuwa umekaa huwezi kuzungumza na mwenzako kwa sababu ya mashine, huwezi kusimama kwa sababu ya mawimbi, na huwezi kulala. Unachofurahia ni mahali unapofika. Kama unachotaka ni kuiona Shanga, ambako wachimbaji wa mambo ya kale wakiongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 walifukua msikiti juu ya msikiti hadi wakafika kwenye masalio ya karne ya nane, basi boti itakufikisha ukiwa bado na nguvu za kutembea juani. Hilo si jambo dogo. Siku ya jahazi tulifika Shanga saa kumi jioni, watoto wamechoka, na tulitazama lile kaburi la mnara na kuta za msikiti mkuu kwa haraka ya watu wanaotafuta chakula. Siyu hatukuenda hadi asubuhi yake.

Katika jahazi, kinyume chake, kusafiri ndiyo kazi ya siku. Nitaeleza jambo moja tu. Tulipokuwa tukipiga bisho, kila mara nahodha alipotaka kugeuza, alisema neno moja la chini, na mabaharia wote wawili wakaenda mbele. Mmoja alilegeza kamba ya tanga, mwingine akaushika mguu wa foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, akauvuta hadi ukasimama karibu wima sambamba na mlingoti, akauzungusha kwa mbele ya mlingoti na kuupitisha upande wa pili, huku tanga lote likipigapiga hewani kwa sauti kama ya mtu akikung'uta mkeka. Kisha kamba ikafungwa upande mpya, tanga likajaa, na ghafla kimya. Hakuna aliyezungumza katika ile nusu dakika. Mwanangu wa miaka tisa aliitazama kazi hiyo mara kumi na moja, nilimhesabia, na mara ya kumi na mbili akaombwa ashike mwisho wa kamba. Upepo ulipozidi, baharia mmoja alisukuma ubao mrefu ukatokeza nje upande wa joshini, yaani upande unaotoka upepo, akaenda kukaa mwisho wake, miguu ikining'inia juu ya maji, ili uzito wake ukizuie chombo kisilale. Mtoto naye alitaka. Alikataliwa, na hajasahau.

Usiku wa kwanza tulitia nanga mbali kidogo na mikoko, kwa shauri la nahodha, kwani mbu wa mikoko hawana huruma. Mpishi alikuwa na jiko la makaa ndani ya sanduku la mchanga. Alipika wali wa nazi na changu waliovuliwa na mshipi mchana ule, akawapaka ukwaju na pilipili, na tukala kwenye sinia moja kwa mwanga wa taa. Baadaye watoto waligundua kwamba ukitikisa mkono majini usiku, maji yanametameta kijani kila yanapoguswa, na hawakulala hadi saa tano. Chakula cha boti kilikuwa biriani tuliyoibeba kutoka mjini, na ilikuwa biriani nzuri.

Yapo mambo ambayo waliokwisha kuyapitia huona haya kuyaandika, na ndiyo wageni wanayohitaji kuyajua. Choo cha jahazi letu kilikuwa tezini, sanduku la mbao lenye tundu linalotazama bahari, limezungushiwa turubai hadi kimo cha bega. Kwa wanaume si kitu. Kwa mama na mke wangu, wanaojisitiri, na hasa usiku chombo kinapoyumba, ilikuwa ni kazi inayohitaji mtu wa kushika taa na mwingine wa kuimba ili asisikike. Nahodha alikuwa mtu wa adabu, aliwahamisha mabaharia mbele kila ilipohitajika bila kuambiwa, lakini si kila nahodha atafanya hivyo, na haifai kulikuta jambo hilo baharini. Boti haina choo hata kidogo. Hata hivyo, kwa kuwa hufika nchi kavu upesi, mtu anaweza kuomba msikitini au nyumbani kwa watu, na kwa akina mama wengi hilo ni afadhali. Vivyo hivyo kwa sala: boti ilituwezesha kuswali adhuhuri Siyu katika jamaa, na jahazini tuliswali safari, tumekaa, tukiuliza upande wa kibla kila chombo kilipogeuka.

Kupanda na kushuka nako kuna tofauti. Ukingo wa boti ni wa chini, na mtu mzima mwenye magoti mabovu hupandishwa kwa kushikwa mkono. Jahazi lina kimo, na maji yakiwa yamepwa ngazi za gati huwa zimeota ukoga wa kijani unaoteleza. Tulimpandisha mama kwa kumsaidia watu watatu, naye akacheka njia nzima, lakini sitamfanyia hivyo mara ya pili.

Mambo ya kuuliza kabla ya kutoa pesa

Boti yetu ilizimika siku ya kwanza wakati wa kurudi, mara tu tulipotoka ndani ya Mkanda. Nahodha aliifungua, akatoa plagi nyeusi iliyolowa mafuta, akaikwangua kwa ncha ya kisu, akaipuliza na kuirudisha, na mashine ikakohoa na kufa tena. Akarudia. Hakuwa na plagi ya akiba, hakuwa na mashine ya pili, na kasia lilikuwa moja. Tulielea dakika arobaini tukisogezwa kuelekea mikoko mpaka plagi ikakubali. Nilipomwuliza mwenye chombo jioni kama angepunguza kitu, alinijibu kwamba tulifika, au sivyo? Tangu siku hiyo, kabla ya kupatana bei ya boti, mimi huomba nionyeshwe plagi ya akiba, kasia mbili na dumu la mafuta, kwani mashine ya namna ile inayokwenda kwa kasi hunywa petroli kiasi cha lita kumi na tano hadi ishirini kwa saa, na mwenye kubana mafuta huyabania abiria.

Jahazi halizimiki, ila lina hila zake za nchi kavu. Mara ya kwanza nilipatana na dalali gatini, ambaye alinionyesha picha ya jahazi kubwa lenye macho yaliyochongwa gubetini, yaani mbele ya chombo, na asubuhi yake ikaja mashua ndogo isiyotosha watu wanane hata kwa kusimama. Niliondoka nikaenda Matondoni, kijiji kinachounda vyombo, nikazungumza na nahodha mwenyewe, nikapanda chomboni na kukikagua kikiwa kimefungwa. Ukikagua, chungulia ngama, pale chini maji yanapokusanyika. Maji kidogo ni kawaida kwa chombo cha mbao, lakini yakiwa ya kufika kifundoni asubuhi kabla hakijasafiri, basi kalafati yake, ile pamba inayoziba nafasi za mbao, imechoka na utalala ukisikia baharia akikumba maji usiku kucha. Uliza kama kuna mashine ya akiba, na uulize waziwazi nani atalipia mafuta yake upepo ukikataa, kwa sababu hapo ndipo ugomvi unapozaliwa.

Kwa vyombo vyote viwili, jaketi za kuokoa maisha zihesabiwe na zivalishwe watoto kwenye gati, si baadaye. Boti yetu ilikuwa na jaketi nane, zote za wakubwa, na mtoto wa miaka sita alikuwa akitumbukia ndani ya lake kama kobe. Jahazi lilikuwa na jaketi sita, na nahodha akaazima mbili kwa jirani. Hakuna kati yao anayestahili kusifiwa katika hilo.

Kwa anayepanga safari yake: mwenye siku moja tu achukue boti, kwani jahazi kwa siku moja huishia kwenye bisho au kwenye mashine, na Shanga hataiona. Mwenye mzee asiyeweza kulala chini wala kukanyaga ngazi, vivyo hivyo, ila apange tarehe kwa mwezi mwandamo ili boti isije ikamweka juani ikingoja maji. Wenye siku tatu na watoto wanaojua kuketi wanapoambiwa wachukue jahazi bila kusita, na kama ni Disemba, wamwombe nahodha aanze Takwa na Manda Toto na kuiacha Shanga kwa siku ambayo upepo utakuwa umelegea, au waiache kabisa. Takwa pekee inatosha: msikiti wenye nguzo juu ya kibla chake, ukuta uliouzunguka mji, na kaburi la mnara lenye mwaka 1094 wa Hijria, ambalo watu wa Shela bado hulizuru. Anayetaka tu kufika Pate kwa jamaa zake, bila habari ya raha, na apande boti ya abiria ya kwenda Mtangawanda au Faza pamoja na magunia na kuku, ambayo ni rahisi kuliko zote na hufuata maji kwa uaminifu kuliko zote.

Sisi wenyewe, kwa Disemba ijayo, tumekwisha kupatana na mzee wa Matondoni kwa siku tatu kuanzia siku ya nane ya mwezi. Mama hatalala jahazini. Siku ya tatu, maji yatakapojaa kabla ya adhuhuri, mpwa wangu atamleta kwa boti kutoka mjini hadi Takwa, robo saa tu, akiwa na mto wake wa kukalia na birika la kahawa, nasi tutakuwa tumetia nanga pale tunamngoja.